Kurasa Tisa Zilizopotea: Kisaka, Mahakama na Mwili wa Mtu

Baba mdogo alirudi kutoka gerezani na mfuko wa rambo. Ndani yake kulikuwa na shati moja, kipande cha sabuni, na hukumu ya rufaa yenye kurasa nne. Watu walikuja kumwona jioni ile, wakanywa chai, wakasema pole. Halafu wakaanza kuuliza kwa kuzungukazunguka, kama watu wa kwetu wanavyouliza jambo zito: sasa mahakama ilisemaje?

Mimi ndiye niliyesoma kuliko wengine pale nyumbani, kwa hiyo karatasi nikapewa mimi. Ilikuwa ya Kiingereza. Nikaisoma kimya kwanza, nikarudia, nikaona haya kuitafsiri. Ilisema hivi kwa kifupi: mwenendo wa kesi kutoka mahakama ya chini haujakamilika, kurasa kadhaa hazipo, juhudi za kuzitafuta zimeshindikana, mrufani ameshatumikia miaka mingi, kwa hiyo hukumu na adhabu vinafutwa na aachiwe huru. Haikusema kama aliiba. Wala haikusema kama hakuiba.

"Basi?" akauliza shangazi.

"Basi," nikajibu.

Nimeandika humu mara nyingi kuhusu riwaya na mashairi, na msomaji anaweza kushangaa leo nimeingiaje kwenye mambo ya mahakama. Lakini tangu jioni ile nimekuwa nikisoma hukumu za kesi za zamani kama wengine wanavyosoma tamthiliya, nikitafuta jibu la swali dogo: mtu akifungwa, kinachomshikilia ni nini hasa? Kuta, au karatasi? Nilichokipata ni historia ambayo inapita karibu sana na kwetu, na bado wengi wa kwetu hawaijui.

Kwa asiyepajua, Kisaka ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, upande wa Wangoreme. Ukivuka Mto Mara kwenda kaskazini unaingia Tarime, kwa Wakurya, na ukizidi kwenda unafika Kenya, ambako pia kuna Wakurya. Huku kote ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule, ni akiba ya uzee. Na wizi wa ng'ombe ni jambo la zamani lililobadilika sura. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wizi wa ng'ombe kwa Wakurya wa Tarime, kilichotoka mwaka 2000, alionyesha jinsi uvamizi wa zamani wa ukoo kwa ukoo ulivyogeuka kuwa biashara ya fedha, ng'ombe wakivushwa mpaka usiku na kuuzwa. Mwenye ng'ombe aliyeibiwa hafikirii mambo ya katiba. Anataka ng'ombe wake, na anataka aliyechukua ajulikane.

Kabla ya hakimu na karani, jambo kama hilo lilipelekwa ritongo. Ritongo ni baraza la kijiji: watu wazima wanakusanyika mahali pa wazi, mwenye malalamiko anasema, anayetuhumiwa anasema, wazee wanauliza, na kila aliyepo anasikia. Hakuna anayeandika. Kumbukumbu ya kesi ni watu wenyewe. Ukija miaka kumi baadaye kudai kwamba hukusema ulichosema, wapo mia watakaokukumbusha ulivyokuwa umesimama na ulikuwa umevaa nini.

Sipambi. Ritongo liliweza kumwonea mtu. Asiye na ndugu wengi alikuwa na sauti ndogo, na mtu aliyekwisha chukiwa alihukumiwa kwa chuki hiyo kabla hajafungua mdomo. Hakukuwa na pa kukata rufaa. Mahakama ya maandishi ilikuja na ahadi ya kurekebisha hayo: kwamba kitakachosemwa kitaandikwa, na kilichoandikwa kitaweza kusomwa na mtu mwingine, mbali na pale, asiyekujua wala kukuchukia. Ahadi hiyo ni nzuri. Tatizo ni kwamba yote imebebwa na karatasi.

Sasa hebu tuitazame ile amri ambayo mawakili huitaja kwa Kilatini: habeas corpus. Maana yake, neno kwa neno, ni "uwe na mwili". Ni agizo la jaji kwa yule anayemshikilia mtu: mlete hapa, na uje na sababu ya kumshikilia. Waingereza walikuwa nayo tangu zamani, na mwaka 1679 Bunge lao likaitungia sheria ili wakuu wa magereza waache kucheza nayo kwa kuwahamisha wafungwa au kuchelewesha majibu. Mwaka 1772 amri hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha mbele ya jaji, London, mtumwa James Somerset aliyekuwa amefungwa minyororo ndani ya meli ili apelekwe Jamaica kuuzwa. Nahodha aliulizwa kwa mamlaka gani anamshikilia. Hakuwa na jibu ambalo sheria ya Uingereza ililitambua, na Somerset akatoka.

Angalia jinsi mzigo ulivyopangwa hapo. Mfungwa hatakiwi kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mwema. Anayetakiwa kutoa maelezo ni mwenye funguo. Akija bila karatasi, au na karatasi mbovu, mtu anaachiwa.

Tanganyika iliipata amri hii kwa kalamu tu. Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wajerumani, walitangaza kwamba sheria za Uingereza za jumla, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, zitatumika huku pale zinapofaa. Habeas corpus ikaingia ndani ya kapu hilo. Lakini mwaka uliofuata, 1921, serikali hiyohiyo ikatunga Sheria ya Uhamishaji wa Watu. Hiyo ilimruhusu Gavana, akiridhishwa na ushahidi wa kiapo kwamba mtu fulani ni hatari kwa amani katika sehemu fulani ya nchi, amtoe hapo na kumpeleka sehemu nyingine akae huko. Ushahidi ulipelekwa kwa Gavana. Anayehamishwa hakuhitajika awepo unapotolewa, hakuwa na nafasi ya kuuhoji, na hakuwa na rufaa. Kwa mkono mmoja mtu alipewa amri inayomlazimisha mwenye gereza kuonyesha karatasi. Kwa mkono mwingine mwenye gereza akapewa karatasi ambayo haina swali.

Uhuru ulikuja 1961, na neno "Gavana" likawa "Rais". Sheria yenyewe ilibaki. Katiba ya uhuru haikuwa na orodha ya haki za raia, maana viongozi wetu waliona kwamba orodha hiyo ingewafunga mikono wakati wa kujenga taifa. Mwaka 1962 ikaongezwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Hapo mtu angeweza kushikiliwa bila kesi yoyote, kwa amri ya Rais.

Mlango ulifunguka 1984, orodha ya haki ilipoingizwa kwenye Katiba. Hata hivyo serikali iliomba muda wa kusafisha sheria zake, na ikapewa miaka mitatu ambayo ndani yake hakuna raia angeweza kwenda mahakamani kudai haki hizo. Muda ulikwisha Machi 1988. Na mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kugonga mlango huo alikuwa mtu wa Mara.

Kesi inaitwa Chumchua Marwa dhidi ya Mkuu wa Gereza la Musoma na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ni shauri dogo la jinai namba 2 la mwaka 1988, Mahakama Kuu, Mwanza. Jina lenyewe linakwambia anatoka wapi; Marwa ni jina utakalolisikia likiitwa katika kila mnada wa kwetu. Alikuwa anashikiliwa chini ya ile sheria ya 1921. Maombi yake yalikuwa ya habeas corpus: mleteni, mseme mnamshikilia kwa nini.

Mwenye gereza safari hii alikuwa na karatasi. Kwa miaka zaidi ya sitini karatasi ya namna ile ilitosha. Lakini Jaji James Mwalusanya hakuishia kuuliza kama karatasi ipo. Aliuliza kama sheria iliyoizaa hiyo karatasi inaweza kukaa nyumba moja na Katiba mpya. Akaona haiwezi. Sheria inayomtoa mtu kwao bila kumsikiliza, bila mahakama na bila rufaa, inagongana na haki ya uhuru wa mtu, haki ya kwenda atakako na haki ya kusikilizwa. Akaitamka kuwa ni batili.

Ukiisoma kama hadithi, huyo jaji ni mhusika wa kuvutia. Alikuwa anakaa Mwanza, mbali na makao makuu, na katika miaka hiyo mashauri ya watu wasio na majina yakipita mezani kwake aliyageuza kuwa maswali ya nchi nzima. Mwaka uliofuata alipata maombi ya Daudi Pete, mshitakiwa wa unyang'anyi aliyenyimwa dhamana kwa sababu sheria ilisema kosa la aina hiyo halina dhamana. Jaji akasema kifungu hicho nacho kinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwemo, ikakubaliana naye juu ya kifungu hicho: mtu hawezi kunyimwa uhuru kwa sheria isiyoweka utaratibu wa kumsikiliza. Mwaka huohuo Nyalali akapewa tume ya kutazama mfumo wa vyama, na tume yake ikaja na orodha ya sheria 40 za kukandamiza zilizotakiwa kufutwa au kurekebishwa. Sheria ya Uhamishaji wa Watu ilikuwamo. Pamoja na hayo, utaikuta imechapishwa tena katika toleo la sheria zetu la mwaka 2002.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Kesi ya Daudi Pete imo kwenye ripoti rasmi za sheria za Tanzania. Mwanafunzi yeyote anaifungua. Ya Chumchua Marwa haimo. Mawakili wanaitaja na pembeni wanaandika neno moja la kukiri: haijaripotiwa. Kwa miaka ilitembea kama nakala ya taipu, kutoka mkoba mmoja hadi mwingine, na kama si watu kama Profesa Chris Maina Peter, aliyekusanya maamuzi ya haki za binadamu katika kitabu kilichotoka 1997, nyingi za aina hii zingekuwa masimulizi tu. Mtu wa Mara alimlazimisha mwenye gereza aonyeshe karatasi, akashinda, na karatasi ya ushindi wake yenyewe ndiyo ikakaribia kupotea.

Tusijisifu wala tusijidharau. Majirani walipitia hayohayo, tena kwa uchungu zaidi. Uganda nayo ilirithi sheria ya uhamishaji kutoka kwa Waingereza. Februari 1966 Milton Obote aliwakamata mawaziri wake watano kwenye kikao cha baraza, Grace Ibingira akiwa mmoja wao, na sheria hiyo ikatumika kuwaweka mbali. Wakaomba habeas corpus. Mahakama Kuu iliwakatalia, lakini Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikawapa. Ndipo ukafanyika mchezo ambao kila mfungwa wa siasa anaujua: waliletwa kwa ndege hadi Entebbe, ndani ya Buganda ambako sheria za hali ya hatari zilikuwa zinatumika, wakaachiwa, na papo hapo wakakamatwa tena kwa karatasi nyingine.

Mwaka huohuo wa 1966 alikamatwa Michael Matovu, chifu wa kaunti ya Buddu. Naye alianza kwa sheria ya uhamishaji, akaachiwa Julai, akakamatwa tena kwa sheria za hali ya hatari. Wakili wake alikuwa Abu Mayanja; aliyeitetea serikali alikuwa Mwanasheria Mkuu Godfrey Binaisa, ambaye baadaye naye akawa rais. Maombi yaliyopelekwa yalikuwa na mapungufu mengi: wajibu maombi hawakutajwa ipasavyo, hati ya kiapo ilikuwa na hoja za sheria badala ya ukweli wa mambo. Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake wangeweza kuyatupa asubuhi ileile. Hawakuyatupa. Walisema panapohusika uhuru wa mtu, kasoro za karatasi zisiwe kisingizio, na wakaendelea kusikiliza.

Sentensi hiyo inapendwa sana na mawakili wa Afrika Mashariki hadi leo. Wanapoinukuu, mara chache wanasimulia mwisho wake. Mahakama ilizisamehe kasoro za mfungwa, kisha ikazisamehe za serikali pia. Sababu za kumweka kizuizini zilikuwa zimeandikwa kwa maneno ya jumla mno, mtu asingejua ajitetee kwa lipi. Majaji wakaona ni kosa la utaratibu linaloweza kurekebishwa. Na katiba mpya ya Obote, iliyopitishwa wanajeshi wakiwa wamelizunguka jengo la Bunge, ikatambuliwa kuwa halali kwa kuwa ilikuwa imekwisha shika nchi. Matovu hakwenda nyumbani.

Halafu kuna Benedicto Kiwanuka. Huyu alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na Idi Amin akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 alipokea maombi ya habeas corpus ya Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi, Daniel Stewart, akaamuru aachiwe. Siku chache baadaye, tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu kutoka ofisini kwake. Hakuonekana tena. Aliyeamuru mwili wa mwingine uletwe, wa kwake haukuletwa mpaka leo.

Niliposoma hayo yote nilirudi kwa baba mdogo na kumwuliza kama aliwahi kuisikia habeas corpus. Akacheka. Akasema gerezani kila mtu anaijua. Kuna wafungwa wa muda mrefu ambao wamekuwa kama mawakili. Wanaandika rufaa za wenzao kwa sabuni au sukari. Mmoja wao alimwandikia maombi ya habeas corpus. Jibu lilikuja fupi: wewe unashikiliwa kwa hati ya mahakama iliyokuhukumu; kama huridhiki, njia yako ni rufaa.

Kisheria jibu hilo ni sahihi, na ndilo linaloonyesha mahali panapouma. Ukiwa mahabusu, sheria yetu inasema ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani au uachiwe, na usipofikishwa unaweza kwenda Mahakama Kuu kwa habeas corpus. Mzigo uko kwa mwenye funguo. Lakini ukishahukumiwa, mwenye funguo anayo karatasi moja inayotosha: hati ya kifungo. Kuanzia hapo mzigo unahama. Sasa wewe ndiye unayetafuta karatasi.

Utaratibu wenyewe ukiusikia unaonekana rahisi. Ndani ya siku 10 tangu hukumu unatoa notisi kwamba utakata rufaa. Ndani ya siku 45 unapeleka rufaa yenyewe, na siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Kipengele hicho cha mwisho kiliwekwa kumwonea huruma mfungwa. Lakini kina upande wa pili: kama nakala haiji, siku hazianzi kuhesabiwa, na wewe unakaa tu. Adhabu ya chini kabisa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30. Unaweza kusubiri sana ndani ya miaka 30.

Baba mdogo alitoa notisi siku ya nne. Nakala ikaja baada ya miaka sita na barua zisizo na idadi. Sitaitaja mahakama, maana makarani wake wa leo si wa jana, na mambo haya hayakuwa ya mahakama moja. Jalada lilikuwa limehamishwa kwenda kuchapwa, likarudishwa, likawekwa kwenye chumba chenye mchwa. Hakimu alikuwa amehamishwa mkoa mwingine. Lilipopatikana, mwenendo ulitoka ukurasa wa 14 ukaruka hadi wa 24. Kurasa tisa hazikuwepo.

Ningekuwa natunga riwaya ningechagua hizohizo. Mwishoni mwa ukurasa wa 14 shahidi wa pili, jirani yetu aliyeibiwa ng'ombe 11, anasema alisikia mbwa, akatoka nje. Ukurasa wa 24 anaanza shahidi wa nne, askari, akieleza alivyomkamata mshitakiwa. Kilichokuwa katikati ni usiku wenyewe: jirani alimwona nani, kwa mwanga gani, kutoka umbali gani, kwa muda gani, na kama alimtaja siku ileile. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba mtu asifungwe kwa kutambuliwa usiku mpaka maswali hayo yote yawe yamejibiwa. Majibu yalikuwa kwenye kurasa tisa. Huenda yalimfunga kwa haki. Huenda yalikuwa ya kumwachia tangu siku ya kwanza.

Ongeza na lugha. Jirani alisema kwa Kingoreme. Mkalimani akaweka kwa Kiswahili. Hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, kwa sababu mahakama za wilaya zilitakiwa kuweka kumbukumbu kwa Kiingereza hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kwa hiyo hata kurasa zilizobaki ni maneno yaliyovuka mito miwili. Ndani ya ukurasa wa 13 jirani yetu anaonekana akizungumza Kiingereza cha kiofisi ambacho hajawahi kukizungumza maishani mwake. Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba hicho ndicho jaji wa rufaa alichokuwa nacho, basi.

Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, zaidi ya mara moja, kwamba mlinzi wa kumbukumbu za mahakama ni mahakama yenyewe, na kumbukumbu zikipotea mfungwa asibebeshwe kosa hilo. Katiba, ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa, na rufaa bila mwenendo ni maneno matupu. Kwa hiyo zipo njia. Kwanza watafute: nakala ya mwendesha mashitaka, ya gereza, kumbukumbu za hakimu. Ikishindikana, kesi inaweza kusikilizwa upya. Na kama muda umepita sana, mashahidi wamekufa au wamehama, na mtu ametumikia sehemu kubwa ya kifungo, anaachiwa. Baba mdogo alifuata njia hizo zote hadi ya mwisho. Ilimchukua miaka 13 kutoka selo hadi nyumbani.

Siku hizi mashauri yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zinawekwa kwenye mtandao wa TanzLII siku hizohizo. Mimi mwenyewe hukumu nyingi nilizozisoma kwa ajili ya makala hii nilizipata hivyo, nimekaa kitandani na simu. Ni jambo jema na nalishukuru. Ila kompyuta inahifadhi kilichoingizwa. Kilichokwisha liwa na mchwa hakiingizwi.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimejenga hoja yangu vizuri: upungufu wa karatasi unamwonea mfungwa. Halafu Desemba iliyopita nilikwenda Kisaka, na jirani yetu, yule mwenye ng'ombe 11, akaniita kwake. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo. Yeye na baba mdogo hawasalimiani. Mmoja akija dukani mwingine anakumbuka kwamba ana kazi nyumbani. Vijana wa nyumba hizi mbili wanajua hawataoana.

"Mwanangu," akaniambia, "nimesikia wewe unayo ile karatasi. Nisomee na mimi."

Nilikuwa nimeipiga picha kwenye simu. Nikamsomea, safari hii kwa Kiswahili moja kwa moja, polepole. Akasikiliza hadi mwisho akiwa ameinamia fimbo yake.

"Na mimi nimo?"

"Umo, mzee. Wewe ni shahidi wa pili."

"Nimesema nini?"

Nikamwambia. Kwamba alisikia mbwa, akatoka nje. Akasubiri niendelee. Nikamwambia hapo ndipo kurasa zilipokatika.

Alikaa kimya muda. Katika miaka yote niliyokuwa nasoma kuhusu Chumchua Marwa na Matovu na Kiwanuka, sikuwahi kufikiri kwamba zile kurasa tisa zilikuwa za mtu huyu pia. Baba mdogo alipoteza miaka 13. Huyu alipoteza ng'ombe 11, na kisha akapoteza alichokisema juu yao. Kama alisema kweli, hakuna anayejua. Kama alikosea usiku ule akamfunga asiye na hatia, hilo nalo halijulikani, wala yeye hawezi tena kulijua kwa uhakika. Kwenye ritongo angalau mia wangekuwa wanakumbuka.

"Mimi nilisema yote," akaniambia hatimaye. "Nilisimama pale tangu asubuhi mpaka saa nane. Kila nikitaka kwenda haraka yule hakimu ananizuia. Ananiambia, mzee, sema polepole, naandika."